MPAKA, PAKA, NA "LIMITÉ"

Kuna neno tunalolisikia kila siku ku bweni na ku uwanja wa mpira: "Ule ni limité." Linasemwa juu ya wadogo waliofika mwaka huu kutoka vijijini, zaidi wakikosa kujibu kwa Kifaransa. Tuangalie Kiswahili chetu kinasema nini juu ya jambo hili.

Neno letu ni MPAKA. Kwanza ni mwisho wa shamba ao wa inchi, kama mpaka wa Kasumbalesa. Ndiyo maana tunasema Kongo inapakana na Zambia. Mpaka ni wa wawili. Pili, linaonyesha mahali mtu ao kitu kilipofika: "Lori ilifika mpaka Kasumbalesa." Hapa hakuna kupungukiwa, lori imetembea njia yote.

Lakini sisi wa Katanga tunakata ile m, tunapata PAKA, maana yake "tu, peke yake". (Mtu wa Dar es Salaam atafikiri tunasema juu ya nyau!) Sasa linganisha: "Amesoma kitabu mpaka ukurasa wa 40", na "Amesoma kitabu paka ukurasa wa 40". Kurasa ni zile zile. Wa kwanza anapimwa kwa njia aliyotembea, wa pili kwa ile inayobaki. Herufi moja tu!

Turudi ku "limité". Kifaransa kinakubali neno hilo likae peke yake juu ya mtu. Kiswahili kinakataa. Hakuna anayesema "yeye ni mpaka". Utasema "ana mpaka", na palepale watu watakuuliza: mpaka wa nini? Hata mwalimu wa hesabu, ukimwambia fonksio fulani ina mpaka, atauliza: wa juu, wa chini, ao pande zote mbili?

Basi kama ni Kifaransa, sema Kifaransa: "Kifaransa chake kingali kidogo." Wale wadogo wanasema Kisanga, Kibemba ao Kilamba, na Kiswahili juu yake. Wengi wetu wa mjini, tukifika kijijini, tunashindwa hata kumsalimia nkambo kwa luga yake, na hakuna anayetuita limité.

Kila siku ya tatu, nyuma ya chakula cha jioni, tutasoma Kifaransa pamoja katika klase yetu ya mwaka wa mwisho. Mwenye kutaka alete daftari na kalamu. Wakubwa wanaojua wasikose.

Doyen wa wanafunzi