Somo la 9: Meno ya Utoto Yanashika Nafasi

Wazazi wengi wanasema, "Meno ya utoto si kitu, yataanguka tu." Kwa hiyo jino la mtoto likioza wanaliacha, ao likiuma wanaling'oa upesi. Kisha meno makubwa yanaota yamepindana, nao wanashangaa. Somo hili linaonyesha sababu moja ambayo mzazi anaweza kuizuia.

1. Kazi ya jino la utoto

Mtoto anaanza kuota meno karibu na mwezi wa 6. Akifika miaka 3 anakuwa na meno 20. Ndani ya taya, chini ya kila jino hilo, jino kubwa linajitengeneza. Jino la utoto ni kama mtu anayemshikia ndugu yake nafasi kwenye benchi. Akiondoka mapema, majirani wanasogea, na ndugu akifika hana pa kukaa. Vivyo hivyo jino kubwa linatoka kando, ao linabaki ndani ya taya.

2. Gego la miaka sita

Mtoto akiwa na miaka 6 hivi, gego jipya linatoka nyuma ya meno yote, juu na chini, kila upande. Kwa sababu hakuna jino lililoanguka mbele yake, wazazi wanafikiri ni la utoto. Sivyo! Likitolewa, halioti tena. Likianza kuoza, mpeleke mtoto upesi, maana tundu dogo linaweza kuzibwa.

3. Meno yaliyopangana vibaya

Jino la mbele la chini likitoka nyuma ya lile la utoto, msiogope. Mara nyingi la utoto linaanguka, na ulimi unasukuma jipya mbele kidogo kidogo. Lisipolegea kwa miezi michache, mwonyesheni munganga.

Mwanya katikati ya meno ya mbele si ugonjwa.

Mtoto aliyepita miaka 4 na bado ananyonya kidole anaweza kusukuma meno ya juu mbele. Msaidieni kuacha kwa upole, bila kumpiga.

4. Kutafuta munganga wa meno

Usiende kwa mtu anayeng'oa meno sokoni. Koleo lenye damu ya mwingine linaweza kuleta ugonjwa wa ini ao SIDA. Anza kwenye kituo cha afya cha karibu. Uulize ni hospitali gani inatunza meno, siku gani, na kwa bei gani. Ukifika, uulize kama vyombo vimesafishwa kwa mvuke mkali na kama sindano ni mpya. Munganga mwema hatakasirika.

Kunyoosha meno kwa nyaya ni kazi ndefu, mara nyingi mwaka 1 ao 2, na bei yake ni kubwa. Anayeijua anapatikana hasa katika miji mikubwa kama Kinshasa. Mswaki mara 2 kwa siku, dawa ya meno yenye fluori, na sukari kidogo, hayo yanapatikana nyumbani.

Angalisho: shavu likivimba pamoja na homa, ao mtoto akishindwa kumeza ao kufungua kinywa, usingoje kesho. Nenda hospitali siku ile ile.

Maulizo

1. Jino la utoto linafanya kazi gani?
2. Gego la miaka sita linatoka wapi?
3. Katika nyumba yako, nani ana miaka 6 ao 7? Utazame kinywa chake leo.