"Mke wangu anasema nimerudi utotoni"

SWALI



Mimi ni mstaafu, naishi Tanga. Ujana wangu niliuanzia Embakasi, Nairobi, nikijifunza ufundi wa ndege katika Shirika la Ndege la Afrika Mashariki hadi lilipovunjika mwaka 1977. Nikarudi nyumbani, nikaendelea na ufundi huo Dar es Salaam mpaka umri wa kustaafu uliponikuta.

Miezi ya mwanzo nilikaa barazani nikicheza bao, nikachoka. Ndipo mwanangu aliyeko Uingereza akaniletea sanduku la modeli ya plastiki ya kuunganisha: Super VC10, ndege ileile niliyojifunzia kazi. Tangu hapo mikono haijatulia. Nimeunda ndege, nimeunda magari ya Safari Rally, na mengine nayakata na kuyabadilisha yafanane na yale niliyoyaona kwa macho yangu. Chumba cha nyuma walicholala watoto nimekifanya karakana. Naingia baada ya chai ya asubuhi, natoka magharibi.

Mke wangu anasema mzee mzima nacheza na midoli, na wenzake wa kikoba wameshapata la kusema. Mwezi uliopita aliokota risiti ya sanduku nililomwambia ni la bei ndogo, akaona bei halisi pamoja na ushuru wa forodha. Tangu siku hiyo ananisalimia tu, basi. Mjukuu wangu naye alivunja gurudumu la gari, nikamfokea hadi akalia. Sasa hapiti hata mlangoni. Na VC10 yenyewe imegoma kusimama: inakalia mkia, pua juu. Mama watoto alipoiona alicheka sana.

Je, niuze kila kitu niache?

Mzee wa Chumba cha Nyuma, Tanga

JIBU



Usiuze kitu. Lakini huo mlango wa chumba cha nyuma ufungue, kwa sababu shida zako zote zimejificha humo, na plastiki haina hatia.

Hilo la utoto tulimalize haraka. Kampuni kama Airfix ya Uingereza na Tamiya ya Japani zimewauzia watu wazima kwa miaka mingi, na masanduku mengi yana onyo kwamba vilivyomo si vya watoto wadogo. Super VC10 halisi ilikuwa na urefu wa mita 52 na kidogo. Kwa skeli ya 1/144, yaani ikipunguzwa mara 144, inabaki sentimita 36 hivi. Maana yake ukikosea milimita moja kwenye bawa la modeli, umekosea sentimita 14 kwenye ndege. Anayekaa na hesabu hiyo kutwa nzima hachezi. Wenzake mkeo wakisema, waache waseme.

Sasa ndege inayokalia mkia. Wewe ni fundi, kwa hiyo sababu unaijua kuliko mimi: injini zote nne za VC10 ziko nyuma, na juu yake kuna ule mkia mrefu. Modeli yake nayo hulemea nyuma ya magurudumu. Dawa yake ni uzito puani, na hapo Tanga huhitaji kuagiza kitu ng'ambo. Nenda kwa wauza zana za uvuvi ununue chubwi ndogo za madini ya risasi. Kwa modeli nyingine, shikiza nusu mbili za kiwiliwili kwa utepe kabla ya kutia gundi, weka chubwi puani, jaribu kuisimamisha, ongeza hadi itulie. Hii uliyokwisha kuifunga, toboa tundu dogo ndani ya shimo la gurudumu la mbele, upitishe vipande vidogo vya risasi na kuvigandisha kwa gundi. Risasi ni sumu: nawa mikono, na chubwi zisikae mahali anapofika mjukuu.

Ila angalia lililokupata. Mama watoto alipocheka, ulipata nafasi ya kumweleza kwa nini ndege ile hulemea nyuma, jambo ulilolijua tangu ujana. Wewe, nadhani, ukaona umetukanwa, ukarudi chumbani. Kicheko kile kilikuwa mara ya kwanza, kwa jinsi ulivyoandika, kwake kuitazama kazi yako.

Tuje kwenye fedha, maana hapo huna utetezi. Mkeo hakununa kwa sababu ya ndege. Amenuna kwa sababu umemdanganya kuhusu bei, na mke wa mstaafu akishadanganywa bei ya kitu kimoja huanza kujiuliza juu ya vyote: mafao yaliishia wapi, dawa zitanunuliwa na nini, nani mwingine anapata. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kaa naye leo, mtolee risiti zote, umtajie na bei ambazo hajaziona. Usijitetee, omba radhi. Kisha mkubaliane kiasi kitakachotoka kwenye pensheni kila mwezi baada ya chakula, matibabu na michango, na kiasi hicho akijue yeye kama unavyokijua wewe. Weka na sharti moja ambalo waundaji modeli wengi duniani wameshindwa kulishika: sanduku jipya halinunuliwi kabla ya la zamani kumalizika. Ugonjwa mkubwa wa shughuli hii ni kulimbikiza masanduku ambayo hayatafunguliwa kamwe. Na unapoagiza, piga hesabu ya nauli ya mzigo na ushuru kabla ya kulipa. Bei ya dukani peke yake inakudanganya wewe mwenyewe.

Habari njema ni kwamba sehemu ile ya kubadilisha magari ndiyo yenye gharama ndogo. Hasegawa ya Japani imetoa kwa skeli ya 1/24 ile Datsun 240Z iliyoshinda Safari ya mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Lakini hata gari la kawaida la skeli hiyo unaweza kulifanya la mashindano kwa vitu vya nyumbani. Waya wa shaba uliotolewa kwenye kebo mbovu unatosha kwa ngao ya mbele. Karatasi ya fedha ya paketi ya sigara inang'aa vizuri ndani ya taa. Kwa vumbi jekundu usipake udongo wa uani, kwa sababu kwenye 1/24 punje ya milimita moja ni jiwe la karibu sentimita mbili na nusu. Saga chaki ya rangi iwe laini kama poda, ipake kwa brashi kavu, nzito karibu na magurudumu na nyepesi juu. Safari ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na wazee wa rika lako waliosimama barabarani miaka ya baadaye kuyaona magari wanajua vumbi lilikaa wapi. Ujuzi huo hauuzwi na sanduku lolote.

Sasa kuna jambo ambalo hukuuliza nami nitalisema. Unakaa kutwa katika chumba kilichofungwa na gundi ya modeli, rangi na tina. Gundi ile hushika kwa kuyeyusha plastiki pande mbili hadi ziungane, na mvuke wake si wa kuvutwa tangu chai ya asubuhi hadi magharibi. Barakoa ya kitambaa inasaidia kidogo kwa vumbi la msasa, haizuii mvuke. Kupulizia rangi kufanyike nje, pasipo watoto. Kuunganisha kufanyike barazani au kando ya dirisha lililo wazi. Na rangi ya kopo ya kupaka magari usiipulize moja kwa moja juu ya plastiki, kwani kiyeyushi chake chaweza kuiharibu; ijaribu kwanza kwenye mabaki ya fremu ya vipande.

Unaona basi kwamba afya na ndoa zinakutaka mahali pamoja. Meza ikihamia barazani, mkeo atakuona, atakusemesha, atakutuma sokoni. Utakatizwa kazi, ndiyo. Kukatizwa ndiko kuishi na watu. Alizoea mume anayeondoka kwenda kazini na kurudi jioni. Alitarajia kustaafu kwako kungemrudishia mwenzake, badala yake umejipangia zamu nyingine ndefu kuliko ile ya shirika. Fanya kazi asubuhi, adhuhuri ikifika funika meza. Alasiri ni yake.

Na umsimulie. Je, anajua kwamba VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa duniani ilikuwa ya shirika lenu, yenye usajili wa Tanzania, 5H-MOG, iliyopokelewa mwaka 1970? Kwamba baada ya shirika kuvunjika ilichukuliwa na jeshi la anga la Uingereza, ikafanywa ndege ya kujazia wenzake mafuta angani, ikaruka hadi mwaka 2013 na kukabidhiwa Brooklands Museum? Mwanao yuko hukohuko Uingereza, anaweza kukuulizia habari zake. Mtu asiyejua hayo akiiona modeli yako ataona mdoli mweupe, na hatuwezi kumlaumu.

Mjukuu nenda kamwombe msamaha. Mtoto akifokewa kwa gurudumu la plastiki anaelewa kwamba gurudumu lina thamani kumliko. Weka kabati la juu kwa zilizokamilika, kisha mpe kazi yake: kulowesha stika kwenye bakuli la maji hadi ziachie karatasi, kupanga vipande kwa namba, kukusomea maelezo ambayo macho yako hayayaoni vizuri. Kisu na gundi ni vyako peke yako. Na siku moja kwa wiki muundieni gari la waya lenye magurudumu ya malapa mabovu, ambalo ana ruhusa ya kulivunja.

Kwa hiyo hukumu yangu, mzee wangu, ni hii: endelea na modeli, acha kuficha. Anza na risiti kabla ya chubwi. Mama watoto akishajua bei, saa na mahali, atabaki na haki ya kutozipenda ndege zako, nawe uiheshimu haki hiyo. Mwachie sebule yake, usimjazie mabawa kwenye meza ya chakula. Akikubali kukupa rafu moja, mshukuru na usiombe ya pili.