Kasoro na Uharibifu: Istilahi Mbili za Fizikia ya Sumaku Nyembamba
Mwaka 1928, C. V. Raman wa India alibaini kuwa sehemu ndogo ya nuru inayotawanywa na maada hubadilika rangi, kwa kadiri ya nishati ya mitetemo ya atomi. Mbinu hiyo hutumika kuchunguza msombo wa kromi na iodini, ambao mwaka 2017 ulithibitika kuwa sumaku hata ukiwa wa tabaka moja, chini ya takriban nyuzi -228 za Selsiasi. Penye kasoro, mitetemo hubadilika, na nuru hulidhihirisha badiliko hilo. Hata hivyo, nuru hiyo ikikutana na unyevu huuharibu msombo wenyewe. Kwa hivyo, ‘kasoro’ ni dosari ya mpangilio wa atomi. ‘Uharibifu’ ni kuvunjika kwa msombo. Mfasiri akizichanganya istilahi hizi, atampotosha msomaji.