Jeraha Lisilouma: Kisukari, Mguu, na Vijidudu Sugu

Mkaazi wa ufuo wa Ziwa Victoria, tangu Usenge hadi Homa Bay, miguu yake haiachani na maji wala changarawe. Naye akipatwa na kisukari, hana kiungo kinachotaka hadhari kuliko hiyo, kwani sukari ikizidi katika damu kwa miaka hudhoofisha neva hata wayo ukafa ganzi, na huibana mishipa hata damu ikavifikia vidole kwa taabu. Mvuvi mzima akichomwa na mwiba wa samaki aina ya ngege pale ufuoni Dunga hupiga yowe na kuuchomoa papo hapo. Mwenye ganzi huendelea na kazi, asitambue ila siku ya tatu, aonapo soksi imelowa usaha.

Hapo aghalabu mtoto hutumwa kemisti anunue vidonge vichache vya kiuavijasumu cha amoksisilini kwa kadiri ya fedha zilizopo, vikamezwa siku mbili, uvimbe ukapungua, vikaachwa. Alexander Fleming, mvumbuzi wa penisilini, alikwisha kutahadharisha mwaka 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel, kwamba dozi haba huvizoesha vijidudu kuistahimili dawa. Vilivyo dhaifu hufa, vikabaki vikakamavu, navyo huzaana kama gugumaji la Ghuba ya Winam lililong'olewa nusu, tena kimoja huweza kukirithisha chenzake, hata kisicho cha jinsi yake, uwezo wa kuivunja dawa.

Mgonjwa wa namna hii afikapo hospitali kubwa, mathalan ile ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo watu wa Kisumu wangali wakiiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti, huenda vidonge vya kawaida visimfae, ikalazimu sindano za bei kali na kulazwa majuma mengi. Na wodini, popote duniani, vijidudu sugu husafiri kwa mikono. Basi wewe unayemwogesha mzee wako, nawa kwa sabuni kabla ya kumgusa na baada yake, wala usimsaidie jirani yake wa kitanda cha pili kabla ya kunawa tena.

Muulizeni tabibu, kwa adabu, iwapo kipande cha nyama ya ndani ya kidonda kitapelekwa maabara kabla ya dozi ya kwanza, kwani pamba ipitishwayo juu juu aghalabu huokota vijidudu vya ngozi visivyo na hatia. Akisema kidonda hakina uvimbe, joto wala usaha, na kwa hiyo hakihitaji viuavijasumu, msidhani amewanyima dawa: kidonda hicho hutaka kuoshwa, kuondolewa nyama iliyokufa, na mguu usibebe uzito.

Nyumbani, kila usiku, mjukuu mwenye macho makali ashike tochi, atazame katikati ya vidole na chini ya kisigino. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Kidonda kilicho wazi kisitiwe ziwani. Mkiona weusi, harufu, au joto linalopanda mguuni, mpelekeni siku hiyo hiyo ijapokuwa hasikii maumivu, na mchukue pakiti za dawa zote alizokwisha kumeza, hata zilizobaki nusu, ili tabibu ajue aanzie wapi.