Kuku wa Kijapani kwa Chungu cha Stima

Somo la leo ni la wale wanaofika nyumbani saa moja jioni, watoto wana njaa na jiko ni baridi. Tutapika kuku kwa namna ya Wajapani, tukitumia kile chungu cha stima kinachopika polepole.

Wajapani humwita kuku huyu teriyaki. "Teri" ni mng'ao, na "yaki" ni kubanika. Yaani nyama hubanikwa huku ikipakwa sosi ya soya yenye sukari mpaka ing'ae. Sasa, chungu chetu hakibaniki. Kimefunikwa, mvuke hauna pa kutokea, na maji ya kuku yanabaki humo humo. Ndiyo maana wengi hulalamika kwamba wamepata supu nyeusi. Dawa yake iko mwishoni.

Vitu vinavyohitajika: mapaja ya kuku kilo 1, sosi ya soya theluthi moja ya kikombe, sukari vijiko 3 vya mezani, siki kijiko 1, vitunguu saumu 4, na tangawizi kiasi cha kidole gumba. Wajapani hutia pia mirin, divai tamu ya mchele, lakini sukari na siki zatosha. Usitie chumvi wala maji! Sosi ina chumvi tele, na kuku atatoa maji yake mwenyewe.

Kuku awe ameyeyuka kabisa. Yule wa barafu hukawia kupata moto, na vijidudu huzaliana. Ponda tangawizi na vitunguu saumu, changanya na sosi, sukari na siki, umwagie kuku. Funika, weka moto wa chini kwa saa 5 hadi 6. Kwa kuku wa kienyeji ongeza saa 2. Kidari hukauka, afadhali mapaja. Na usifunuefunue, kila ukifunua, joto hutoka na chakula hukawia.

Jioni toa nyama, mimina mchuzi kwa sufuria, uuchemshe bila kifuniko mpaka upungue karibu nusu. Koroga kijiko 1 cha wanga wa mahindi (si unga wa ugali, ni ule mweupe wa kutengenezea kastadi) kwa maji baridi kidogo, utie, koroga dakika 2. Hapo utauona ule mng'ao. Rudisha nyama, pakua na wali na sukuma wiki.

Sasa jambo la stima. Siku moja niliacha chungu kikipika nikaenda kazini. Kurudi, taa yake inawaka, kuku ananukia vizuri, lakini saa ya redio inametameta sifuri. Kuuliza jirani, kumbe stima ilipotea saa tatu asubuhi ikarudi saa nane. Nilimwaga kuku mzima, na roho iliniuma. Lakini nyama iliyokaa zaidi ya saa 2 katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60 si ya kupewa mtoto. Hata ukiichemsha tena, kuna sumu za vijidudu ambazo moto hauziondoi.

Kwa hiyo weka saa ya namna hiyo karibu na chungu. Na stima ikipotea wewe ukiwa nyumbani, usingoje irudi: hamishia kuku kwa sufuria, ummalizie kwa gesi au makaa mara moja.