Makaa, Gesi na Mzigo wa Wenye Chumo Dogo

Wengi wetu husikia habari za kugeuka kwa hali ya hewa wakadhani ni mambo ya wataalamu na mikutano ya mbali. Walakini sheria zitungwazo kwa ajili ya jambo hilo huishia jikoni, na katika somo letu la leo twataka kuzitazama zilivyotufikia sisi watu wa Kenya.

Mwezi wa Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Muda uliotajwa mwanzo ulikuwa siku 90. Ukaongezwa tena na tena, hata Julai 2023 ndipo ilipotangazwa kuondolewa. Sababu zilizotolewa hazikuwa za uwongo. Mito ilikuwa imepungua maji, na Katiba ya 2010 yaitaka nchi iwe na miti katika asilimia 10 ya ardhi yake. Sisi hatuupingi ulinzi wa misitu, na asiyejua faida yake na awaulize wanaolima kando ya mito.

Lakini makaa yalipoadimika bei ilipanda, na bei ikipanda haiwagusi watu wote sawasawa. Mwenye mtungi wa gesi hakuguswa. Mwenye nafasi alinunua gunia zima akaliweka. Ama mama apikaye kwa seredani, ambaye hununua makaa kwa kopo kwa sababu chumo lake ni la kutwa, huyo ndiye aliyelipa. Tena kwa kila kilo hulipa zaidi kuliko mnunuzi wa gunia.

Na tuchukue mfano wa hesabu. Nyumba mbili zimezidishiwa gharama ya shilingi 900 kwa mwezi. Ya kwanza hupata shilingi 90,000, ya pili 15,000. Katika ya kwanza gharama hiyo ni asilimia 1 ya pato, katika ya pili ni asilimia 6. Kiasi ni kimoja, na uzito ni mara sita. Waliosoma mlango wa zaka watalifahamu hili upesi, kwani huko hutazamwa kwanza mtu ana nini, kisha ndipo huulizwa atoe nini.

Lililotushangaza zaidi ni hili. Watu waliambiwa waache makaa, watumie gesi. Kodi ya ongezeko la thamani ilikuwa imeondolewa katika gesi mwaka 2016. Julai 2021, marufuku ya misitu yakiwa bado yapo, kodi hiyo ikarudishwa, asilimia 16 kamili! Yaani huku umekatazwa, na huko uliko­agizwa kwenda umewekewa ushuru. Mwaka 2022 ikateremshwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 ikaondolewa.

Hata kuondolewa huko kulimfaa zaidi aliyekwisha kuwa na mtungi, na achomaye kilo nyingi ndiye aliyesamehewa nyingi. Asiye na mtungi kikwazo chake si kodi ya gesi; ni bei ya mtungi wenyewe na jiko lake, ambayo hulipwa kwa mkupuo kabla hajainjika hata sufuria moja. Ingalikuwa bora sehemu ya fedha hizo iwanunulie wenye seredani mitungi ya kwanza, au wauziwe gesi kidogo kidogo, kwa kipimo cha chumo la siku, kama walivyozoea kununua makaa.