Mohammed Bedjaoui: Mwanasheria aliyewasemea wanyonge

Wapo miongoni mwetu wanaosema kuwa sheria za kimataifa ni kiini macho cha wakubwa, hivyo kuzisoma ni kupoteza muda. Ndugu msomaji, hebu tuyatazame maisha ya Mohammed Bedjaoui wa Algeria.

Alizaliwa mwaka 1929 mjini Sidi Bel Abbès, akasomea sheria huko huko Ufaransa kwa mkoloni. Vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1954, Ufaransa ilidai kuwa hayo ni mambo yake ya ndani. Bedjaoui, akiwa mshauri wa sheria wa Serikali ya Muda ya Algeria, alitoa kitabu mwaka 1961 kuonesha kuwa serikali hiyo ni halali. Mwaka uliofuata nchi ikawa huru.

Akawa Waziri wa Sheria, na mwaka 1970 akapelekwa Paris kama balozi. Aliyetawaliwa jana, leo anapokewa kama mwakilishi wa dola huru! Baadaye aliiwakilisha nchi yake Umoja wa Mataifa.

Katika Kamisheni ya Sheria za Kimataifa alipewa suala zito: mkoloni akiondoka, madeni yake analipa nani? Kazi hiyo ilizaa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1983, usemao kuwa nchi mpya hairithi deni la mkoloni ila kwa makubaliano. Nchi zilizouridhia ni chache mno, hivyo mkataba huo haujaanza kutumika mpaka leo.

Mwaka 1982 akawa jaji wa Mahakama ya Kimataifa, The Hague. Julai 8, 1996, akiwa Rais wa Mahakama, majaji waligawanyika saba kwa saba juu ya silaha za nyuklia. Kura yake ya uamuzi ndiyo iliyopitisha kwamba, kwa ujumla, kuzitumia ni kinyume cha sheria. Hata hivyo, Mahakama haikutoa kauli ya mwisho pale uhai wa dola unapokuwa hatarini.

Je, wenye mabomu waliyatupa? La. Lakini kauli ile imebaki kuwa hoja, na mwaka 2017 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa kuzipiga marufuku silaha hizo.

Somo liko wazi. Mwenye nguvu anaweza kuivunja sheria, lakini asiyeijua hana hata pa kuanzia kumshitaki. Tuwasomeshe vijana wetu sheria.